Udadisi na Utu

Lugha yetu ya Kiswahili ina vitenzi viwili ambavyo kwa umbo vimekaribiana sana, lakini kwa maana vimeachana mno. Kumwuliza mtu ni jambo moja. Kumwulizia mtu ni jambo jingine. Amwulizaye mwenziwe humkabili uso kwa uso, humpa nafasi ya kunena, na hujiweka tayari kusikia jambo ambalo hakulitazamia. Amwuliziaye hutafuta habari zake kwa watu wengine. Hatusemi kwamba kumwulizia mtu ni kubaya daima, maana ndugu aliye safarini huuliziwa, na mgonjwa huuliziwa hali yake na majirani. Lakini pale ambapo twaweza kumwuliza mtu mwenyewe, nasi tukachagua kumwulizia tu, huwa tumekwisha kuamua kwamba neno lake juu ya maisha yake halina uzito kama neno la wengine. Katika insha hii twakusudia kuonyesha kwamba tofauti hiyo ndogo ya lugha imebeba suala kubwa la maadili, nalo ni hili: je, udadisi ni sifa njema au ni ila? Na ikiwa ni sifa njema, ni udadisi wa namna gani uwezao kujenga huruma baina ya watu waliotengwa na kabila, kazi, mali au maumbile?

Wahenga wetu walituachia mafundisho ambayo kwa mtazamo wa kwanza yaonekana kupingana. Kwa upande mmoja walisema kwamba kuuliza si ujinga, na kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kwa upande mwingine waliwakanya watoto wasidadisi mambo yasiyowahusu, na yule apendaye kujua yaliyomo katika nyumba za watu walimwita mmbea au mdaku, majina ambayo hakuna apendaye kuitwa. Lakini tukichunguza kwa makini tutaona kwamba mafundisho hayo yapatana. Mmbea hakosi udadisi. Pengine anao mwingi kuliko wengine. Ila yake ni kwamba habari aipatayo huwa kama bidhaa mkononi mwake: huichukua hapa akaiuze pale, naye mwenyewe habadiliki. Hamjui jirani yake kuliko alivyomjua jana, ingawa leo ana mengi zaidi ya kusema juu yake. Mwenye udadisi wa utu, habari aipatayo humrudia mwenyewe na kumtikisa. Husema, "Kumbe! Nami nilidhani vingine." Neno hilo "kumbe" laweza kuwa kipimo chetu. Mtu ambaye hajapata kusema kumbe juu ya watu wa upande wa pili, yaelekea hajapata kuwauliza.

Tutazame salamu zetu, ambazo karibu zote ni maswali. Hujambo? U hali gani? Habari za nyumbani? Watoto hawajambo? Mtu asiyetujua aweza kudhani kwamba haya ni maneno ya desturi tu, kwa kuwa jibu lake hujulikana kabla ya kutolewa. Hata aliyefiwa jana hujibu kwamba habari ni njema. Lakini aliyelelewa katika utamaduni wetu anajua kwamba jibu la kwanza ni kama mlango wa nyumba. Mwenye kuuliza akitulia, jibu la pili hufuata: "Habari njema, isipokuwa mtoto hakulala usiku kwa homa." Jibu hilo la pili ndilo lenye habari, wala hawalipati watu wenye haraka. Basi desturi yetu imekwisha kutufundisha jambo la kwanza kuhusu udadisi wa utu, yaani kwamba swali jema huambatana na subira.

Wako watakaosema kwamba moyo wenye huruma hauhitaji maswali; ukimwona mwenye shida msaidie, basi. Rai hii ina wema ndani yake, lakini ina hatari pia. Huruma isiyouliza huamua yenyewe shida ya mwenziwe ni ipi, na mara nyingi humpa asichokihitaji. Zaidi ya hayo, humweka mtoaji juu na mpokeaji chini, kila mmoja akabaki mahali pake. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii haikutungwa ili itukatishe tamaa ya kuwajua wenzetu. Imetuonya tu kwamba kukitazama kitanda hakutoshi, hata kingekuwa kimetandikwa vizuri namna gani. Na maadam hatuwezi kulala katika vitanda vyote vya dunia, njia iliyobaki ni kumwuliza akilaliaye, kisha kumsadiki anapotujibu.

Hata hivyo, si kila swali liulizwalo ana kwa ana huleta utu. Historia ya nchi yetu yatufundisha hivyo. Wakoloni walituuliza maswali mengi sana. Wajerumani walihesabu nyumba zetu ili watoze kodi. Waingereza, hasa baada ya Gavana Donald Cameron kuanzisha utawala wa kupitia machifu katika miaka ya 1920, walitaka kuzijua mila za kila kabila ili waitawale nchi kwa urahisi. Baadaye serikali yao ilikuwa hata na mtaalamu wake wa elimu ya jamii, Hans Cory, aliyeandika sheria na desturi za Wasukuma na za makabila mengine. Maandishi ya namna hiyo yangali na faida kwa wachunguzi wa leo. Lakini maswali ya utawala yalikuwa na kasoro moja: yalikwenda upande mmoja tu. Bwana Shauri alimwuliza mwanakijiji ana ng'ombe wangapi na wake wangapi; mwanakijiji hakuwa na ruhusa ya kumwuliza Bwana Shauri kwa nini alikuja. Na mtu aulizwaye asiye na ruhusa ya kuuliza naye hujifunza upesi kujibu lile litakiwalo, na lililo moyoni hulificha. Basi hilo ni fundisho la pili: udadisi wa utu hukubali kuulizwa.

Utamaduni wetu wenyewe umetupa mfano bora wa udadisi wa pande mbili, nao ni utani. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, lakini wajukuu wa wapiganaji hao ni watani. Wanyamwezi waliofika pwani na misafara ya biashara walikuta wenyeji wenye lugha, vyakula na desturi ngeni kwao. Na hata leo wao na Wazaramo hutaniana. Asili ya utani si moja kila mahali. Pengine ulitokana na vita, pengine na safari, pengine na kuoana. Katika miaka ya 1970 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya maelezo mengi juu ya mila hii, na maelezo hayo yadhihirisha jinsi ilivyoenea katika makabila yetu. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu wa damu hana. Aweza kukuuliza hadharani kwa nini babu yako alikimbia vitani, kwa nini kwenu mnakula kile wasichokila wao, na kwa nini huoi. Unapojibu, nawe humgeuzia maswali yaleyale, wala hakuna anayekasirika. Lakini siku ya msiba mtani yuleyule huja, hufanya mizaha mbele ya wafiwa ili kuwapunguzia huzuni, na hushika kazi za mazishi. Dhihaka na maziko vimewekwa katika mikono ileile. Wazee wetu walitambua kwamba watu waliopata kuuana hawawezi kupatanishwa kwa kunyamaziana. Walihitaji nafasi iliyoruhusiwa ya kuulizana hata yale yaumayo. Tukumbuke pia kwamba utani ukienda upande mmoja tu, mmoja akawa mtania na mwingine mtaniwa siku zote, hugeuka kuwa dharau.

Taifa letu changa lilijitahidi kuipanua nafasi hiyo. Hadi mwisho wa 1961 shule za Tanganyika zilikuwa zimegawanywa kwa rangi: za Waafrika, za Waasia na za Wazungu. Sheria ya elimu iliyoanza kutumika mwaka 1962 iliuondoa ubaguzi huo. Desemba ya mwaka huohuo Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Kwa miaka mingi kijana wa Kagera aliweza kupelekwa kusoma sekondari Iringa, na wa Mtwara akapelekwa Tabora. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, liliwakutanisha vijana wa pembe zote za nchi katika jembe moja na sufuria moja. Utumishi wa lazima kwa wahitimu ulisimamishwa mwaka 1994, ukarejeshwa mwaka 2013. Hapana shaka kwamba mipango hiyo ilifanya kazi kubwa. Wengi wetu tulimwona kwa mara ya kwanza mtu wa kabila fulani tulipopewa kitanda cha chini yake bwenini.

Lakini yafaa tuseme kweli: kukaa pamoja peke yake hakukutosha. Twawakumbuka wanafunzi waliokula meza moja kwa miaka minne, wakaondoka na kashfa zilezile walizokuja nazo kutoka kwao, kwamba watu wa mkoa huu ni wachoyo na wa mkoa ule ni wachawi. Walioondoka na fikra mpya ni wale waliouliza: kwenu mtu akifa huzikwa vipi, mama yako amwitaje baba yako, mwaka wa njaa mlikula nini? Na leo haja ya kuuliza imezidi, kwa kuwa tangu elimu ya sekondari ipanuliwe kuanzia mwaka 2004 na shule za kata zijengwe kila mahali, wanafunzi wengi husoma karibu na nyumbani kwao. Hilo ni jambo jema, maana limewafungulia mlango watoto ambao zamani wangaliachwa nje. Ila mgeni ambaye zamani serikali ilituletea kitandani, sasa hatuna budi kumtafuta wenyewe.

Tuchukue mfano wa mkulima na mfugaji. Desemba 2000 wilayani Kilosa watu zaidi ya 30 waliuawa katika ugomvi baina ya pande hizo mbili, na migogoro ya namna hiyo imezuka katika wilaya nyingine pia. Hatusemi kwamba maswali peke yake yangaliizuia damu ile. Migogoro hiyo ina mizizi katika ardhi, maji na uongozi. Lakini sikiliza jinsi kila upande uusemavyo mwingine. Mkulima husema mfugaji ni mzururaji asiye na kwao. Mfugaji husema mkulima ni mchoyo aliyeziba njia ya maji. Laiti mkulima angemwuliza mwenziwe kwa nini huhama, angeambiwa kwamba katika nchi kavu mvua hunyesha hapa mwaka huu na pale mwaka ujao, na kwamba mwenye ng'ombe asiyeifuata mvua huifuata mizoga. Laiti mfugaji angemwuliza mkulima kwa nini hulia kwa ajili ya mashina machache ya mahindi, angeambiwa kwamba mashina hayo ndiyo chakula cha watoto hadi mavuno mengine, wala hakuna soko wala zizi la kukimbilia. Wote wawili waishi kwa hofu ya mvua ileile. Na ziko sehemu ambako walielewana zamani: baada ya mavuno ng'ombe waliingia shambani, wakala mabua, wakaacha samadi.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, nao watuhusu sisi walimu moja kwa moja. Kwa muda mrefu imesemwa katika sehemu nyingi za nchi yetu kwamba watu wenye ualbino hawafi, bali hutoweka. Uvumi huu ni wa ajabu, kwa maana haukuhitaji uchunguzi mkubwa kuuvunja. Ungalitosha mtu mmoja kwenda nyumbani kwa familia yenye mtoto wa namna hiyo na kuuliza, "Babu yake aliyekuwa kama yeye alizikwa wapi?" Angalionyeshwa kaburi. Lakini watu waliulizia, hawakuuliza. Na kila aliyeuliziwa aliongeza lake. Hatimaye uvumi huo ukawa mbolea ya imani nyingine, kwamba viungo vya watu hawa huleta utajiri. Kuanzia miaka ya 2006 hadi 2008 nchi ilitikisika kwa habari za mauaji yao, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Watoto walikatwa viungo, na makaburi yalifukuliwa. Mwenye kumwona mtu kuwa ni kiumbe asiyekufa hamwoni kuwa ni mtu. Na asiyemwona kuwa ni mtu haoni vigumu kumwua.

Kweli yenyewe si siri. Ualbino hurithiwa kutoka kwa baba na mama pamoja, ingawa wao wenyewe huweza kuwa na rangi ya kawaida. Mwili wa mwenye hali hiyo hauna rangi ya kutosha ya kuikinga ngozi na jua, ndiyo maana saratani ya ngozi huwaondoa wengi mapema. Na macho yake huona kwa shida. Twaweza kueleza jambo tulilolishuhudia wenyewe. Katika shule moja mwanafunzi mwenye ualbino alikaripiwa muhula mzima kwa sababu aliinamia daftari hadi pua ikaligusa, naye hakunakili yaliyoandikwa ubaoni. Walimu tulisema ni mvivu. Tulimwulizia kwa mwalimu wa darasa, tukamwulizia kwa kiranja, tukayalinganisha majibu yao. Mwishoni mwa muhula mwalimu mmoja mgeni alimwita kando na kumwuliza swali la maneno mawili: "Waona ubao?" Mtoto akajibu, "Hapana, mwalimu. Sijapata kuuona." Akahamishiwa mbele, mbali na dirisha lenye jua kali, na maandishi yakakuzwa. Aibu tuliyoipata siku ile hatujaisahau, wala hatupendi kuisahau. Hatukuwa watu wabaya, na huruma tulikuwa nayo. Lakini muhula mzima huruma yetu haikumfaa kitu kwa kukosa swali moja.

Wala tusidhani kwamba mambo haya yako mbali, vijijini au katika miaka iliyopita. Katika nyumba nyingi za mijini yumo msichana wa kazi. Tumempa jina zuri, twamwita dada. Baba humwita dada, mama humwita dada, na watoto kadhalika. Lakini ni wangapi miongoni mwetu tujuao jina alilopewa na wazazi wake, jina la kijiji chake, au darasa alilofikia kabla hajaacha shule? Twajua kama anajua kupika na kama ana mikono mirefu, maana hayo tuliyaulizia kabla ya kumchukua. Jina la udugu bila maswali ya udugu limekuwa pazia la kufichia utengano. Mwanafunzi asomaye insha hii, kama kwao yupo dada wa namna hiyo, aweza kuanza leo jioni.

Tumesema kwamba wahenga waliuonea udadisi shaka, na shaka yao yafaa iheshimiwe. Kuna watu ambao maswali yetu yangewaumiza: aliyepata aibu, aliye na ugonjwa, aliyekimbia vita. Je, tutawauliza vipi bila kuwavunjia heshima? Hapa tena desturi yetu ina jibu. Mgeni afikapo nyumbani kwa mtu hubisha hodi, wala haingii hadi asikie karibu. Hubisha mara tatu. Asipoitikiwa huondoka bila kinyongo, akijua kwamba mwenye nyumba ana haki ya kutofungua. Hodi yenyewe ni swali, nalo humwachia aulizwaye uamuzi. Kadhalika, mwenye kumdadisi mwenziwe aanze kwa hodi: aombe ruhusa, aeleze sababu yake, na akinyamaziwa akubali. Na asiulize lile ambalo yeye mwenyewe hangekubali kuulizwa. Mwenye kuyashika hayo hawezi kuitwa mdaku.

Basi udadisi wa utu una masharti ambayo kila mmoja wetu aweza kuyatimiza. Huuliza mwenyewe badala ya kuulizia, hungoja jibu la pili, hukubali kuulizwa, na hubisha hodi. Kazi ya kuwalea vijana wetu katika mwenendo huo yatuangukia sisi walimu kwanza, nasi hatuwezi kuifanya kama darasani kwetu maswali ni ya mwalimu na majibu ni ya wanafunzi. Mtoto aliyenyamazishwa kila aulizapo shuleni, atajifunza kwamba kuuliza ni kosa. Na akiwa mtu mzima, habari za majirani zake atazipata palepale wanapozipata watu wote, yaani kwa wasiowajua.

Kwa sababu hiyo tungependa kila darasa litakalosoma kurasa hizi lipewe kazi moja ndogo. Kila mwanafunzi amchague mtu mmoja ambaye amezoea kusikia akisemwa lakini hajapata kuzungumza naye: mfugaji apitaye na mifugo, mwuza samaki, kipofu wa sokoni, mzee wa dini nyingine. Amwendee, amwamkie kwa adabu kama umri wake upasavyo, ambishie hodi ya maneno, na amwulize juu ya kazi yake na siku yake. Kisha ajibu naye atakapoulizwa. Arudipo asiandike alichokijua tu. Aandike pia kile alichokidhani hapo kwanza, ili aone umbali uliopo kati ya viwili hivyo.